Mfuko wa Spana wa Kunileta Msambweni

Mwanaidi mdogo wangu,

Kaa kitako kwanza, na Hamisi mwanao asome polepole asiruke mistari, namjua ana haraka ya kwenda mpirani. Hujambo wewe? Macho yaje? Lile la kushoto bado linauona mlango, au limeshafunga? Na yale matone unatia, ama umeyaweka rafuni yakutazame? Mimi ni mzima, ila goti. Anayeniandikia ni mjukuu wako Zuhura, binti wa Saumu. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambie. Simu sikuitaka, maana simu ya hapa ni ya Saumu, na maneno yenyewe yanamhusu Saumu.

Uliponiambia unataka kuuona uso wangu kabla macho hayajazima, tangu siku ile chakula hakinipiti vizuri. Huku Kakamega mvua hushuka kila alasiri. Naletwa barazani, natazama geti, nikimaliza kulitazama narudishwa ndani. Napikiwa kuku, navalishwa sweta, nafunikwa miguu kama mzazi wa juzi. Nimefungwa, Mwanaidi, na wanaonifunga wananipenda, sijui hata nimgombeze nani. Basi la abiria siliwezi, goti halikunjiki. Imebaki gari la mkwe wangu Juma, nikilaziwa kiti cha mbele.

Na gari hilo tulishalitoa mara moja. Sikukwambia kwa aibu. Tuliaga majirani, tukaombewa dua, tukafika Chavakali, tairi ikaisha pumzi. Chavakali! Ni sawa na wewe uage kwenda Makka, upate pancha Ukunda. Juma akafungua sanduku lake jekundu, vyombo vimejipanga ndani kama meno ya bandia. Akatia spana hii, akatia ile, hakuna iliyoshika nati. Kumbe magurudumu aliyanunua kuukuu kutoka gari jingine, pamoja na nati zake, na siku zote hakuwahi kujaribu kuzifungua. Tairi ya spea ipo, jeki ipo, mwanamume yupo, gurudumu halitoki. Mpaka fundi akaja na bodaboda akatufungulia. Juma akageuza gari. "Mama, hili gari si la safari." Saumu akadakia mbio, "Basi, imetosha."

Nikawaambia gari halina kosa. Kosa ni la sanduku.

Wewe unajua nimezalisha wanawake wangapi. Kifurushi changu kilikuwa wembe mpya, uzi, sabuni na kitambaa safi. Sikubeba nisichojua kukitumia, na sikutoka nyumbani kabla ya kukifungua na kukitazama. Basi nikamwita Zuhura, maana anasomea umakanika huko Sigalagala. Nikamwambia, "Lala chini ya gari la babako, uniambie linataka nini. Sokoni tutakwenda baadaye." Akatoka na tope mgongoni. "Nyanya, nati karibu zote ni namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne. Hizo zingine za sanduku ni urembo."

Jumamosi tukaenda kwa muuza spana, mjini. Nati moja ya gurudumu, ya ziada iliyokuja na yale magurudumu kuukuu, nimeifunga kwenye ncha ya leso. Kijana wa watu akanipa kiti chake, akaniita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha ya huku, akaniletea sanduku jekundu, ndugu yake lile la Juma.

"Kukhu, chukua hii. Iko na vipande mingi. Watu wa safari wanapendanga hii."

"Hiki cha pembeni kina kazi gani?"

Akakigeuza, akakigeuza tena. "Hicho ni cha kujaza."

"Kujaza nini?"

"Kujaza sanduku, Kukhu."

Nikamwambia arudishe. Nikafungua leso, nikampa nati, "Nitafutie spana ya gurudumu inayoishika hii, isicheze." Akaleta moja, ikacheza. Akaleta ya pili, akasema itaingia tu ukiigonga. Nikamwambia, mkeo utamgonga? Akaniuliza, "Kwani wewe ni makanika?"

"Mimi ni mkunga. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Matete."

"Ungepita mikononi mwangu ungetoka na adabu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akadondosha bisibisi. Ya nne ikashika nati barabara, nikaichukua, pamoja na kipande cha bomba cha kuurefusha mpini, mtu asivunjike mgongo. Zuhura akachagua spana za zile namba tatu, plaisi, bisibisi moja ya kugeuza vichwa, waya, tepu, fyuzi za akiba, mkanda wa feni wa gari hilihili, na tochi ya kuvaa kichwani. Vyote vikaingia mfuko mmoja wa turubai. Juma aliuangalia, akauliza, "Hivi tu?"

Nyumbani nikamwambia atoe gurudumu pale uani, kwa kilichomo mfukoni tu, asiombe kitu kwa jirani. Jeki ikazama kwenye tope kama kijiko kwenye uji. Zuhura akaleta ubao, ukawekwa chini yake, ikasimama. Huo ubao nao tukautia garini. Gurudumu likatoka, likarudi.

"Mama, nimeshajua."

"Umebahatisha. Rudia."

Akarudia. Saumu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

Tulikuwa tuondoke Alhamisi. Jumatano nikaufungua mfuko kama kawaida yangu. Kila kitu kipo, isipokuwa spana ya gurudumu. Nikamwita Saumu, nikamuuliza, akasema hajui, huku anajishika sikio. Nimemzaa mimi, najua akishika sikio anadanganya. Nikamkazia macho. Akaingia chumbani, akatoka nayo, ameivingirisha kanga yake nzuri. Akakaa chini, ameipakata.

"Ukienda hutarudi, Mama."

"Huenda."

"Na ukifia njiani, mimi nitasema nini?"

"Utasema alifia njiani akienda kwao. Lakini sina mpango huo."

Akacheka, akalia, spana hakuiachia. Nami sikunyoosha mkono. Nilimwambia, sikunyang'anyi, utaiweka mfukoni mwenyewe.

Leo siku ya sita. Juma anaweza kununua nyingine, Zuhura amejitolea kwenda, nimewakataza wote wawili. Sitoki nyumbani kwa mwanangu kwa kumzunguka. Lakini macho yako nayo hayangoji, na mimi nakaa hapa katikati yenu sijui nigeukie wapi.

Basi sikia. Usiniite mimi. Mwite Saumu. Wewe ni mama yake mdogo, na ulimnyonyesha nilipolazwa na homa. Mimi anaweza kunikatalia kwa kuwa ananilea. Wewe hawezi. Mpigie, mwambie, "Saumu, nataka kukuona wewe. Mama yako mchukue mje naye." Kiti cha nyuma kipo. Tangu aolewe huku hujamwita kwa jina lake hata siku moja, wote tunamwagizia tu: mtunze mama, mtunze mama.

Nisalimie Hamisi, na mkewe anayekupikia. Nisalimie wifi yetu Bimkubwa, mwambie sijasahau alivyoninunia. Kaburi la mama lipalilieni.

Mpigie asubuhi, kabla hajaenda dukani. Mpigie wewe mwenyewe, usimpe Hamisi aseme.

Mimi dadako niliyekubeba mgongoni, Mwanamisi. Mwandiko ni wa Zuhura, kidole gumba hapo chini ni changu.