Kambale Asiyependa Kusalimiwa

Jumatatu, 3 Juni 1957
Nimebadilisha maji tena kabla ya kengele. Yaliyowekwa juani yapate joto, si ya bomba. Baridi hii ya Iringa ingemuua. Kambale bado kajibanza sandukuni mwake darasani, nyuma ya kigae cha chungu. Ndevu tu zinaonekana. Hajala tangu mjomba amlete kwenye debe kutoka mto Ruaha Mdogo.

Sanduku lenyewe lilikuwa kabati la kioo la mandazi, mgahawa ulipofungwa nikaliomba. Pembe nimeziba kwa puti ya fundi vioo, maji yasivuje. Wasichana wangu wa Darasa la Nne wanamjua samaki wa kwenye picha na wa kwenye mchuzi. Nataka wamwone akiwinda.

Mwalimu Mkuu kachungulia, kacheka. Eti wasichana wanahitaji sindano na uzi. Kisha: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako asipokula mpaka Jumatatu, nitamla mimi." Hatanii huyu. Yeye kambale anampenda kuliko nyama. Ukoo wetu hata kumgusa sufuriani ni mwiko. Nimekasirika mpaka nimekosea hesabu ubaoni.

Jumanne
Ugali, kakataa. Vipande vya maini, kakataa. Nimemtilia visamaki viwili vilivyo hai. Vinamchezea kichwani, naye anatetemeka. Mwindaji gani huyu jamani! Nimemwambia waziwazi kwamba ananiaibisha.

Alhamisi
Nimejua. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya kioo wasichana walipoingia. Kama kila asubuhi wakajipanga, wakapiga miguu chini, wakapaza sauti kwa pamoja: "Karibu, mgeni wetu! Habari za asubuhi!" Wanamsalimia samaki! Adabu niliyowafundisha mimi: mgeni akiwa darasani, husalimiwa kwa sauti moja. Kambale akaruka, akagonga kichwa kwenye kioo, akarudi kwenye kigae chake.

Kila mwalimu akiingia wasichana wanainuka, kishindo kingine. Na zile buti za misumari za Mwalimu Mkuu, sakafu nzima inatikisika. Adabu yetu ndiyo inayomuua.

Basi. Darasani kwangu hakuna kusimama. Hakuna kusalimu. Kwa yeyote.

Ijumaa
Nimefunika kioo kwa kanga, nimeacha upenyo. Wasichana wanatembea kwa ncha za vidole, wanajibana wasicheke. Atanasia, msema kweli wa darasa, aliniuliza: na Mwalimu Mkuu akija? Nikasema hata yeye. Wakatazamana.

Akaja mchana. Ko, ko, ko. Akasimama mlangoni akingoja. Hakuna aliyeinuka. Chaki yangu haikusimama.

Aliniita nje. Kwa nini nawafundisha watoto kiburi? Nikasema nawafundisha kunyamaza. Akasema Jumatatu mpishi wake atakuja na sufuria, halafu nitajieleza kwa Padre, msimamizi wa shule. Shikamoo nilimpa. Samaki sikumpa.

Jumamosi
Shangazi kanisema tangu asubuhi. Nitafukuzwa kazi kwa ajili ya samaki ambaye hata hatumli. Kweli. Nikamjibu: kama sisi hatumli, kwa nini nimpikie mwingine? Kaguna, kaendelea kupura maharage. Naogopa. Simtoi ng'o.

Jumapili
Baada ya misa nilipitia darasani peke yangu. Kimya. Nikainua pindo la kanga taratibu. Kisamaki kimoja. Nikatafuta mchangani, nikatafuta chini ya kigae. Kimoja tu! Nilipiga kigelegele, nikajiziba mdomo mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni
Mpishi alikuja na sufuria kweli. Mwalimu Mkuu mbele, buti zinalia tangu uani. Kambale alikuwa ametoka, ndevu zinapapasa mchanga, wasichana wote wameacha kupumua. Ko, ko. Samaki akakimbilia kwenye kigae.

Nikamwambia Mwalimu Mkuu: amekula. Akasema hajaona kitu ila mkia. Nikamwambia: "Vua buti, Mwalimu, utaona na kichwa." Mbele ya darasa zima. Mbele ya mpishi. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo, wala siyarudishi. Mpishi akainama akajifanya anafuta sufuria.

Nikasimama kati yao na kioo, mikono kiunoni. Mwalimu Mkuu akaondoka, na sufuria ikaondoka tupu. Kuhusu Padre hakusema.

Jumanne
Jua la asubuhi lilifika kwenye kioo. Nilitoa kanga yote. Somo la kusoma, kimoyomoyo.

Kambale akatoka mwenyewe. Akatulia katikati, mdomo wazi kidogo. Kisamaki kikakaribia.

Mlango ulifunguka bila sauti. Mwalimu Mkuu, kwa soksi, kidole gumba kimetokeza, buti kazishika mkononi. Akachuchumaa nyuma ya dawati la mwisho.

Kambale akapiga mara moja. Kisamaki hakipo.

Hakuna aliyesimama. Mwalimu Mkuu alikaa pale mpaka kengele.