Filimbi ya Nne

Mdogo wangu Prosper,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nasikia mtu akishaanza kupigwa redioni huwa anasahau shikamoo, na mimi haki yangu ya ukubwa siiachi njiani. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, ambao unaijua barabara ya huku kuliko macho yangu. Wewe nimekuona kwenye simu, umenenepa mashavu, kwa hiyo afya yako siiulizi. Namuuliza Mama. Goti lake vipi? Bado anateremka na tenga la karoti mpaka yanaposimama malori, au umepata akili ya kumzuia? Mvua za huko juu nasikia zimekuwa nyingi. Kabichi zinapenda, lakini njia za Mgeta hazipendi.

Barua hii anakuletea Salumu, dereva mwenzangu, kwao Mikese, anakuja likizo. Mpe chai. Usimpigie wimbo wako, ameusikia mpaka umemtoka puani, na aliyemsababishia ni mimi. Samahani pia kwa karatasi. Zimechapwa maandishi upande wa pili. Usizigeuze kwanza. Soma upande wangu mpaka mwisho, halafu utageuza.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningekutukana. Karatasi ina subira.

Nikwambie ukweli tangu mwanzo: nimekuonea wivu, Prosper. Sio ule wivu wa utani wa kugombania nyama ya shingo. Wivu wa kukosa usingizi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nageuka kitandani kwa sababu mdogo wangu anapigiwa makofi.

Mara ya kwanza nilikusikia nikiwa kwenye foleni ya kujaza maji. Unajua kazi yangu: nachota maji mtoni kwa lori, nayapandisha kambini, wakimbizi wanapanga ndoo. Kijana wa bodaboda akapita na spika yake, nikasikia filimbi za mbeta. Huku, ng'ambo ya ziwa, filimbi za mlimani kwetu. Nilidhani malaria imenipanda kichwani. Halafu ikaingia gitaa, halafu sauti yako, na kiitikio:

Maharage yamekauka shambani,
mwenye jembe kakimbia.
Nitajieni aliyeshinda vita
nikamwombe anivunie.

Watu kwenye foleni wakaitikia wote. Akina mama wenye ndoo kichwani, wazee, hata askari mmoja wa getini. Nikawaambia, huyo ni mdogo wangu, toka nitoke. Mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Sawa, baba. Na rais ni shemeji yako." Wakacheka. Nikafungua bomba la maji.

Prosper, maneno yale ni yangu. Nani alikupigia simu siku ile, amesimamisha lori pembeni ya kijiji kisicho na mtu? Nani alikuambia kwamba maharage yamekomaa, yamekauka, yanapasuka yenyewe kwenye maganda, na hakuna mkono wa kuyavuna? Mtu wa mjini angeona nyumba zilizoungua. Mimi mwana wa mkulima nikaona maharage. Nikakuambia kwa hasira, huyo anayesema ameshinda na aje avune basi. Wewe ukanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe ulikuwa unaandika.

Halafu nikasikia mahojiano yako. Mtangazaji akakuuliza unasema vita gani, ukajibu, "Yoyote. Anayelima haulizwi kabla haijaanza." Jibu zuri, ningekuwa nalo mimi ningejivuna mwezi mzima. Akakuuliza tena, siku hizi wenzako wanaimba mapenzi na magari, wewe haya ya vita umeyapata wapi? Ukasema, "Nyumbani." Basi. Nikangoja utaje jina la kaka yako, nikangoja mpaka likaja tangazo la sabuni. Usione vyaelea, vimeundwa, na muundaji yuko huku amekaa juu ya tairi la spea anakula mkate mkavu.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonikwama ni Gaspari.

Salumu ndiye aliyeipata video ya wimbo wako. Simu yake ina ufa katikati, lakini watu wanaonekana. Mmepanga mstari kwenye ule uwanja wa chini ya kanisa, milima nyuma yenu na ukungu wake, nikaona hata bati la jiko letu. Wewe mbele na gitaa. Nyuma yako wapuliza mbeta watano. Na wa nne, mahali pangu, amesimama Gaspari, na mkononi ana filimbi yangu. Naijua kwa waya mwekundu nilioifungia ilipopata ufa. Filimbi iliyokuwa inaning'inia juu ya meko ya Mama, ikikaushwa na moshi, ikiningoja.

Gaspari, Prosper. Katika wanaume wote wa mlimani. Gaspari aliyempelekea Adelina mkungu wa ndizi kabla sijamwoa, na mpaka leo akipita kwa mke wangu anauliza kama nyumba inavuja. Nyumba yangu haivuji. Niliiezeka mwenyewe.

Wewe unajua mbeta ilivyo, lakini acha niseme, maana nilimweleza Salumu hivyo hivyo na uchungu ukanizidi. Gitaa mtu anaweza kukaa peke yake akalipiga. Mbeta huwezi. Kila mtu ana sauti yake moja tu, anaingiza yake, anampisha mwenzake, kama watu wanaopokezana matofali kwenye ujenzi. Mmoja akikosekana tofali linaanguka. Baba alipotugawia, mimi nilipewa ya nne, wewe ulikuwa mdogo ukapewa kopo la kugonga, ukalia. Unakumbuka alivyosema? Filimbi ya mtu aliye hai haipulizwi na mwingine mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Mimi nilisema ndiyo lini?

Wiki tatu nimeusikiliza wimbo wako kwa ajili ya kumsikiliza Gaspari tu. Ndani ya lori, kwenye foleni, nikinyoa ndevu. Na nikampata na makosa. Nikamwambia Salumu, msikilize huyu, anachelewa kuingia. Anavuta pumzi pabaya. Hapa ameminya, hapa kama ana mafua. Salumu wa watu anajibu tu, "Sawa, kaka." Nikimbana sana anasema, "Mimi mtu wa Mikese bwana, mbeta zenu zote naona zinalia vilevile."

Wakati huohuo ofisi ikatoa fomu. Mkataba wangu unaisha, anayetaka kuongeza miaka miwili ajaze na kutia saini. Mama alikuwa ameshanitumia ujumbe kupitia kwako: kama narudi, nirudi kabla ya kupanda viazi. Sikujibu, na sasa ujue sababu. Nilisema moyoni, narudi kufanya nini? Maneno yangu yanaimbwa na mdogo wangu. Filimbi yangu ina mdomo wa mtu mwingine. Mke wangu anaulizwa habari za bati. Nafasi yangu imezibwa na mlima haujaona tofauti. Nikachukua fomu, nikajaza jina, nikajaza kazi, nikajaza kila kitu. Nikaiweka mfukoni, nikasema nitatia saini nikishakunywa chai.

Chai huwa nanywa kwa Mama Riziki. Ni mkimbizi, amekuja na watoto wawili na sufuria moja, anauza chai na maandazi karibu na bomba la maji. Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya. Mkikosea wimbo mbele yake hata kwa mluzi anakunja uso. Basi mchana ule nimekaa kwenye benchi lake, kikombe huku, kalamu huku, simu ya Salumu katikati inaimba. Na mimi naendelea na kesi yangu. Nikamwambia, mama, wewe una masikio, huyu wa nne si anaharibu?

Akaacha kukoroga.

"Wa nne gani?"

Nikamwambia, huyu, msikie, huyu anayeingia baada ya yule mwenye sauti nyembamba.

"Hapo hakuna mtu," akasema. "Hapo iko tundu."

Nikamwambia hapana mama, sikiliza vizuri. Akasema, "Nimesikia vizuri. Ni weye ndiye unapuliza. Toka siku ile ya kwanza unakuja hapa, wimbo ukipigwa unapuliza na meno. Nilidhani unajua." Akaniletea andazi. "Kula. Jaza kinywa, kisha usikilize."

Nikajaza mdomo andazi kama mtoto. Akaanzisha wimbo upya.

Prosper, hapakuwa na mtu. Wa kwanza anaingia, wa pili, wa tatu, halafu kimya, halafu wa tano. Kila mzunguko, palepale, kimya cha pumzi moja, na wimbo unaruka juu yake kama mtu anayeruka mfereji. Gitaa lako nalo hapo unalinyamazisha. Unalishika nyuzi kwa kiganja, nimeona. Nikairudisha video, nikamwangalia Gaspari vizuri, upande huu wa ufa na upande ule. Filimbi ameishika kwa mikono miwili kifuani. Wimbo mzima haipeleki mdomoni hata mara moja. Ameishika tu, kama anayemshikia mtu mzigo mpaka arudi.

Kwa hiyo yule niliyekuwa namkosoa wiki tatu, anayechelewa, anayevuta pumzi pabaya, mwenye mafua, alikuwa ni mimi. Salumu amecheka mpaka amekaa chini, na nimemruhusu akusimulie, kwa sababu hata nikimkataza atakusimulia.

Mama Riziki hakucheka. Aliuliza, "Kwenu nani alikosekana?" Nikajigusa kifuani, mdomo ulikuwa bado umejaa. Akasema watu wa foleni wamelijua lile tundu zamani. Wengine wakifika pale wanataja jina la mtu wao, polepole, kisha wanaendelea na kiitikio. Nami nilikuwa nadhani wanakosea maneno. Yeye hapo humtaja mumewe. Nikakumbuka mara zote nilizokaa kwenye benchi lake nikipuliza kwa meno juu ya jina la marehemu, nikatamani ardhi inimeze.

Mimi sijui kama uliliacha tundu kwa ajili yangu au kwa ajili ya vita. Nilikaa nikiwaza, nikaona labda kwako ni kitu kimoja. Mimi sikushika bunduki, lakini vita imenichukua vilevile, imeniweka huku nabeba maji ya watu iliowafukuza. Mlimani kwetu hakuna mtu wa mbeta anayeacha pengo kwa bahati mbaya, angefukuzwa uwanjani. Na ulipomwambia mtangazaji "nyumbani", nimekuelewa sasa. Nimechelewa, lakini kuchelewa kuingia ndiyo tabia yangu, nimeshakiri.

Usidhani wivu umekwisha. Ule wa makofi bado ninao, na mashavu yako bado yananikera. Na maneno ya maharage ni yangu, ukihojiwa tena sema ni ya Leonsi, dereva. Lakini ule wa Gaspari nimeutema. Namwonea haya, ingawa usimwambie yote. Mwambie tu kaka anashukuru kwa kushikiwa.

Nisalimie Mama, mwambie viazi asipande peke yake. Mwamkie na mjomba, najua atasema alijua, yeye kila kitu huwa alikijua. Katekista mwambie uwanja wake umeonekana mpaka ng'ambo, afyeke zile nyasi. Mwanangu mpe kopo agonge, na akilia usimnyang'anye. Adelina nimemwandikia yake, iko ndani, imefungwa, na wewe usiisome uje ukaifanye wimbo.

Sasa geuza karatasi. Ni ile fomu ya miaka miwili. Jina langu nimejaza, kazi nimejaza. Tazama chini kabisa ukurasa wa mwisho, pale penye mstari wa saini. Pengo hilo nimeliacha kwa makusudi, kama ulivyoacha lako.

Mwambie Gaspari aendelee kuishika, asiipulize. Nakuja kuichukua.

Kaka yako,
Leonsi, wa nne