Mtu Mwingine Asiyejulikana

Mke wangu mpendwa, Mama Naishiye,

Habari za hapo Sakina? Mafua ya mtoto yamepoa? Na baridi hiyo ya Meru, bado unalala na soksi zangu? Mimi huku Doha mwili ni mzima, ni joto tu na makontena ya ghalani. Mgonjwa ni moyo, na ugonjwa wenyewe unaujua.

Najua unashangaa kuletewa karatasi siku hizi. Nimempa mwenzangu wa Moshono anayekuja likizo, na bahasha nimeigundisha mara mbili.

Siku ile nilipokupigia nikifoka, simu yangu ilikuwa imeniletea maneno haya, kwa Kiswahili safi: "Mtandao unaweza kufuatiliwa na mtu mwingine asiyejulikana." Nikabonyeza, nikaona kuna cheti cha usalama nisichokijua. Mimi vyeti ninavyovijua ni cha ubatizo na cha ndoa. Huyu mtu mwingine kaingiaje na cheti chake? Nikamkumbuka fundi Eliya. Si wewe uliyempelekea simu hii abadilishe kioo kabla sijasafiri? Na si alikataa malipo? Fundi gani wa Sakina anatengeneza bure? Tena mtu aliyekuwa akiimba sauti ya tatu nyuma yako kwayani kabla sijakuoa, macho kwako, kitabu cha nyimbo kakishika juu chini! Nikamwona yuko kibandani kwake anasoma kila unaloniandikia. Wivu ninao, sikatai.

Nawe ukanijibu, "Baba Naishiye, kama simu imekwambia kuna mtu, basi iulize anaitwa nani." Ukakata. Tangu hapo hupokei.

Basi nimeuliza. Yuko Mkenya hapa kazini anayeshughulikia kompyuta. Kaiangalia simu, kacheka.

"Hii cheti ni ya kampuni, braza. Uliiweka mwenyewe ukiingia kwa waifai ya hosteli. Uliambiwa ukubali, ukakubali."

"Kwa hiyo mnasoma meseji za mke wangu?"

"Hizo hatuoni. Tunaona tu kurasa zile unafungua kwa intaneti." Akanitazama vizuri. "Kwani ni wewe ulikuwa unatafuta dalili za mke anayependwa na fundi simu?"

Mama Naishiye, nilitamani kontena liniangukie. Ofisi nzima inaujua wivu wangu, na neno lako hawalijui hata moja. Cheti nimekifuta, na waifai yao nimeiacha. Lakini Eliya sijamfuta. Simu yako ikiharibika, ipeleke kwa yule fundi mzee wa stendi, mwenye meno mawili.

Msalimie yeyo aliyenizaa kule Oldonyo Sambu, mwambie mwanawe anampa shikamoo na ana hamu ya loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando. Msalimie shemeji yangu, mdogo wako, ambaye najua anasoma hii begani kwako. Naishiye mwambie baba anamkumbuka kila asubuhi.

Nitapiga Jumapili mkitoka ibadani. Pokea, hata kama ni kunitukana. Usipopokea, nitajua kwamba mtu mwingine asiyejulikana katika nyumba ile ni mimi.

Mumeo,
Baba Naishiye