Maji Yaliyotoka Kwenye Ardhi Kavu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo umekupa nafuu tangu ulipoachana na kile kiti kibovu cha ofisini. Mimi mwili hauna neno. Kinachouma ni moyo, na ndiyo maana nimekaa kimya miezi miwili. Usidhani nimekusahau. Nilikuwa nakuonea haya.

Yule mtafiti wa hewa tunayemwita Mama Upepo unamjua kuliko mimi, maana ulikuwa mpiga chapa wake miaka sita kabla hajaniajiri kulinda kituo chake. Ila kazi yenyewe sijawahi kukueleza. Kituo ni uwanja mtupu, chumba changu kimoja, na mlingoti mrefu ulioshikiliwa na nyaya nne. Mlingotini kuna kifaa kinachopima upepo mara kumi kwa sekunde: unaelekea wapi, unapanda au unashuka, umebeba joto na unyevu kiasi gani. Alinifundisha kwamba hewa iliyo karibu na ardhi haitulii mchana. Jua likishapasha udongo, ya chini hupanda, ya juu hushuka, zinavurugana kama maji kwenye sufuria inayotokota, na kila kitokacho ardhini huchukuliwa humo: vumbi, moshi, mvuke. Nilicheka kimoyomoyo, nikasema kumbe mtu anaweza kusoma hadi mvi zimtoke ili ahesabu pumzi za udongo.

Kiangazi hiki kifaa kikaanza kuonyesha mvuke mwingi ukipanda siku fulani fulani, na ardhi yenyewe imekauka hadi imepasuka. Mama Upepo alifurahi kama mtoto. Alisema huenda chini kuna maji ambayo hakuna anayeyajua. Wakulima wa jirani, ambao visima vyao vimebaki tope, wakaanza kuja getini kuuliza wachimbe wapi. Akawaambia wavute subira, kwanza akawaeleze wataalamu wenzake.

Nilikwenda naye mkutanoni kumbebea mizigo. Ukumbi ulijaa pomoni. Alipomaliza kueleza, mzee mmoja mwenye miwani puani alisimama, akasema amezipitia zile tarehe moja moja, na zote ni Jumamosi. Akauliza kama ardhi ya Mama Upepo inajua kusoma kalenda. Watu wakaangua kicheko. Mama Upepo alisubiri wamalize, akajibu kwamba vipimo vyake ni safi, kwa sababu kituo kinalindwa na kijana asiyesema uongo, yule pale nyuma. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Dada, nilitabasamu. Niliinamisha kichwa kama mtu anayepokea sifa.

Hakuna aliyemwamini. Tuliporudi alikifungua kifaa skrubu kwa skrubu, wiki tatu akitafuta ubovu, chakula hakigusi. Mvuke nao ukawa umekoma kabisa, akaamini amekiharibu yeye kwa kukifungua.

Sasa nikwambie nilichoshindwa kumwambia mtu. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua. Zile nyaya za mlingoti zimenyooka, hazina kutu, na upepo wa pale hukausha nguo kabla hujamaliza kikombe cha chai. Siku yangu ya kwanza kazini Mama Upepo alinikataza kusogeza hata ndoo karibu nazo. Nami nikawa naanika mashuka hapohapo. Swali la yule mzee lilipotoka tu, nilijua. Nikahamishia nguo nyuma ya chumba, nikafunga mdomo, nikamwacha ahangaike.

Nilimwambia Jumatano moja, akiwa na bisibisi mkononi. Nilitaka anitukane.

Aliuliza tu, "Mashuka mangapi?"

Nikasema manne, na blanketi.

"Uliyakamua?"

Nikasema si sana. Akachukua kalamu, akapiga hesabu ya maji yaliyokuwa humo, halafu akakaa kizingitini akisema taratibu kwamba kifaa chake hakikukosea hata tone. Kisha akalia.

Alipomaliza akaniletea daftari la kituo. Lina safu ya mambo yasiyo ya kawaida, na kila Jumamosi nimeandika kwa mwandiko wangu: hakuna. Akaniambia nisahihishe. Nilishinda mezani nikikata "hakuna" moja baada ya nyingine, juu yake naandika: mashuka manne, blanketi moja.

Kwa wakulima nilikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuwaambia hakuna maji. Wengine walinifungia mlango. Wataalamu aliwaandikia yeye, akasema kosa ni lake, hakukagua kituo. Nilimsihi anitaje. Akasema alishanitaja mara moja mbele yao, inatosha.

Hajanifukuza, Dada, na hilo ndilo linalonilemea. Wewe ndiye uliyemwambia kwetu hatukulelewa kudanganya, naye akachukua neno lako kama hati. Nakuomba radhi. Tafadhali usimpigie simu kunitetea.

Msalimie sana Baba, na shemeji. Nikipata likizo nitakuja kumweleza Baba kwa kinywa changu. Akikuuliza kabla ya hapo, usimfiche.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa