Ile Robo Dola Uliyoipenda Kuliko Zote

Mpendwa Dada Mkubwa,

Assalaam alaykum. Barua hii atakusomea mkwe wako Hanifa, maana macho yako yamekataa kazi. Nimemwomba asome yote, asiruke neno kwa kunionea haya. Wewe nyoosha miguu tu usikilize. Najua ungependa tuongee kwa simu kama kila Ijumaa, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na leo nikikatizwa hata mara moja sitamaliza.

Huku Bwera tuko salama. Mpakani Mpondwe malori yamepanga foleni hadi karibu na kibanda changu cha vitenge, mawakala wa forodha wanakimbizana na makaratasi yao, na vumbi lote wanaloliamsha linakuja kulala juu ya nguo zangu. Wateja wananipa pole, halafu wanaomba nipunguze bei kwa sababu ya hilohilo vumbi. Tangu mwanao akuhamishie Jinja sina wa kumlalamikia. Sanduku lako la sarafu liko juu ya kabati, mbali na jiko, kama ulivyoagiza.

Nataka kukukumbusha tulivyoanza, ingawa unakumbuka kuliko mimi.

Mzee wetu aliponioa mimi wa pili na kunipangia nyumba huku Bwera, wewe ulikaa Kasese miaka miwili bila kunikaribisha kwako. Sikukulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningekaa minne. Kila Idi ulinitumia sahani ya pilau kwa lori lake, imefunikwa kwa kitambaa safi, na sahani uliitaka irudi safari hiyohiyo. Nilikuwa naila ile pilau nikitafuta kosa, na kosa sikulipata. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina kazi.

Habari za sarafu nilizipata kwake yeye. Alikuwa akikaa hapa akinung'unika kwamba mkewe mkubwa anakusanya vyuma kama fundi baiskeli. Wapagazi waliokuwa wakiwapandisha wazungu Rwenzori walipewa bakshishi za robo dola, na kwenye maduka ya forex ya kubadilisha fedha hakuna anayechukua dola ya chuma, wanataka karatasi. Basi wakaja kwenye hoteli yako kuomba chai na chapati, wakaacha robo zao mezani, na wewe badala ya kuwafukuza ukaanza kuzitazama. Wengine wote waliona chuma kisicho na kazi. Wewe uliona kwamba hazifanani.

Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kupitia. Sokoni Mpondwe nilikuwa na mteja Mkongomani aliyefunga robo kadhaa kwenye pindo la kitenge chake, alizoachiwa na wazungu wa misaada. Nilipomwuliza anazitaka kiasi gani alicheka. "Hii ya chuma batu habakamatake," aliniambia, yaani hakuna anayeipokea. "Beba tu, mama, iko ya bure." Nikazifunga kwenye karatasi, nikampa Mzee akuletee. Karatasi ikarudi baada ya siku tatu, sarafu zote ndani, na mwandiko wako kando ya kila moja. Hii ninayo. Hii ninayo. Hii imekwaruzwa.

Nilituma tena, ukarudisha tena. Mzee wetu akaanza kuchoka. "Mimi sasa iko mutu ya posta?" aliuliza siku moja akivua viatu, lakini alizibeba. Alizishika zile karatasi kwa vidole viwili, kwa kuwa ulishamgombeza kwa kugusa uso wa sarafu, naye alikuogopa wewe kuliko trafiki.

Kidogo kidogo nikaanza kujifunza kutoka kwenye majibu yako. Nilijua unatafuta aina mbili. Ya kwanza ni zile zenye kosa la kiwandani: herufi zilizogongwa mara mbili, au mstari unaokatiza shingo ya yule mzungu aliyechorwa kwenye sarafu mahali ambapo wenzake hawana mstari. Ya pili, uliyoipenda zaidi, ni zile zilizobadilika zenyewe kwa kukaa miaka mingi kwenye karatasi au kwenye mbao, zikapata bluu na zambarau na manjano. Uliiita rangi ya kukaa. Uliniandikia mara moja, mistari miwili mizima, kwamba rangi hiyo hungojewa, na anayeiharakisha ni mwizi.

Sasa sikiliza vizuri, Dada.

Miezi michache baadaye nilipata robo ya zamani, ya fedha tupu, nzito kuliko wenzake, nyeupe kama imetoka kiwandani juzi. Nilijua ukiiona utaandika tu kwamba unayo. Shangazi yangu alikuwa na shamba la chumvi kwenye ziwa la Katwe. Unaijua hewa ya lile ziwa, inavyonuka mayai viza. Bangili yake ya fedha ilikuwa imegeuka rangi mkononi, na hiyo ndiyo iliyonipa wazo. Nilikwenda kumsalimia, nikachukua kopo, nikatia tope la ziwani chini, nikafunika. Kwanza nilijaribu na hereni yangu moja, ikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Kwa hiyo sarafu niliining'iniza kwa uzi juu ya lile tope, nikawa naichungulia kila mara kama mtu anayechoma maandazi. Shangazi aliniuliza nimepika nini humo. Nikamwambia dawa.

Ikatoka nzuri, nisikudanganye tena. Bluu ukingoni, kisha zambarau, kisha manjano ya ndizi iliyoiva, na katikati ikabaki nyeupe. Niliiacha siku kadhaa ndani ya kanga ili harufu iishe, nikakutumia bila kuandika neno lolote. Uongo wangu ulikuwa kunyamaza.

Wiki ile Mzee alirudi bila sarafu. Ilikuwa mara ya kwanza hukurudisha kitu. Alinipa karatasi yako, naye akakaa kuniangalia ninavyoisoma, kwa sababu alikuwa ameshaisoma njiani. "Hii hakuna mtu alitengeneza," uliandika. "Kuja nyumbani."

Nilikuja. Nilivaa abaya mpya, nikakaa mbele kwenye lori. Ulinipokea mlangoni bila kutabasamu, ukaniuliza kama nimekula, ukanikalisha karibu na dirisha kwa sababu sarafu huangaliwa kwa mwanga wa pembeni. Ukanipa ile lenzi ya fundi saa, ukanionyesha jinsi ya kuibana kwenye jicho. Ilinianguka mara tatu. Ya nne ulicheka, nami nikacheka, na Mzee akachungulia kutoka uani akihofia kwamba tunamcheka yeye. Baadaye kidogo tukaanza kumcheka yeye kweli.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na minne. Nikikaa peke yangu kibandani, siku ambayo soko limelala, huwa nairudia yote. Ninayoirudia zaidi ni ile ya hospitali ya Kisinga. Nilipopoteza ujauzito na kulazwa, watu walikuja wakaniambia Mungu atanipa mwingine. Wewe ulikuja na mkeka, flaski ya uji na robo kibao ndani ya soksi. Hukusema lolote juu ya mtoto. Ulizimwaga kwenye shuka ukaniambia moja humo ina kosa, niitafute. Nilitafuta siku mbili. Ya tatu nilikuambia hakuna yenye kosa hata moja, ukakiri kwamba ni kweli hakuna, ulitaka tu mikono yangu iwe na kazi. Nilikukasirikia, nikalia sana, kisha nikalala usingizi wa kwanza tangu niingie pale. Sijawahi kukushukuru kwa uongo ule, Dada. Nakushukuru leo, na siutaji ili tuwe sawa. Wako ulikuwa kwa ajili yangu. Wangu pia ulikuwa kwa ajili yangu.

Mzee wetu alipofariki tulikaa eda pamoja kwako Kasese, miezi minne na siku kumi, wajane wawili chumba kimoja. Wanawake wa mtaani walikuja kutoa pole huku wakichungulia kama tumeshashikana nywele. Walitukuta tumeinamia sanduku, tunabishana kama mstari fulani ni kosa la kiwanda au ni mkwaruzo. Ilikuwa katikati ya eda hiyo ulipoishika ile robo kwa kingo zake, ukaigeuza dirishani, ukasema, "Hii ndiyo ilileta wewe kwangu."

Nilifungua kinywa nikuambie. Kisha nikafikiri: Mzee hayupo, mtoto wa pamoja hatuna, ukiniuliza kesho mimi ni nani kwako nitajibu nini? Nikakifunga kinywa, nikaenda kuinjika chai. Ulisema chai ya siku hiyo ilikuwa na sukari nyingi.

Halafu ikaja presha ya macho. Ulianza kuniuliza kama taa imepungua, wakati taa ilikuwa vilevile. Ukaanza kusoma miaka ya sarafu kwa ukucha wa kidole gumba, na uliipata sawasawa, lakini rangi haina pa kushika. Mwanao alipokuja kukuchukua uliniachia sanduku, ukasema kuanzia siku hiyo mwenye macho ni mimi. Na kila Ijumaa baada ya swala ukawa unanipigia nikusomee. Nakusomea moja moja, na mwisho unaitaka ile ya fedha, hata kama muda wa simu unakwisha. Mwezi uliopita uliniuliza kama bluu ya ukingoni bado ipo. Nikasema ipo.

Haipo, Dada. Ilianza kuondoka tangu mwaka jana, na mimi nikaendelea kukusomea kama ilivyokuwa. Zambarau iliimeza bluu, kisha weusi ukameza zote. Leo asubuhi nimeileta dirishani, nimeigeuza kila upande. Ni nyeusi, na hata uso wa yule mzungu hauonekani vizuri. Zile nyingine za sandukuni, zilizopata rangi yake kwa kukaa, ziko kama ulivyoziacha.

Miaka yote hii nilikuwa najitetea kwamba macho unayo na lenzi unayo, ukidanganyika basi kosa tumegawana. Utetezi huo umekwisha. Sasa unaona kwa mdomo wangu peke yake, nami nimekuonyesha bluu ambayo haipo. Nilipoweka simu chini Ijumaa ile nilijionea aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi na minne, na imenifikisha kwenye kumdanganya mtu asiyeona.

Uliandika kwamba anayeiharakisha rangi ni mwizi. Basi mwizi ni mimi, na nilichoiba ni mwaliko wako. Sijui kama yaliyofuata nayo ni ya wizi: uji wa Kisinga, eda, hizi Ijumaa zote. Nimejiuliza hadi nimechoka. Siwezi kujiamulia mwenyewe, kwa sababu mwenye mali ni wewe.

Siombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu, na wewe hukuzoea kusema uongo wa adabu. Ukitaka sanduku lako lirudi, nitalifunga vizuri nikuletee, na kama hutaki kuniona nitampa mtu unayemwamini. Ukitaka kukasirika, kasirika, nimeshajiandaa, ingawa najidanganya ninaposema nimejiandaa. Hanifa, nawe mwanangu, soma hapa polepole.

Dada, miaka ile ya mwanzo ulinivumilia kwa ajili ya Mzee. Kisha ukaniita kwa ajili ya sarafu. Mzee tumemzika, na sarafu yenyewe ndiyo hiyo. Nimebaki mimi tu, na mimi peke yangu, bila Mzee wala sarafu, sijawahi kujileta kwako. Kama natosha, mwambie Hanifa anipigie aseme nije.

Mola akutunze, akupe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi, mke mwenzio,
mdogo wako wa Bwera