Ukuta Wenye Joto

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako vyote kumi, maana kila nikisikia habari za kusimamisha nguzo nawaza vidole. Sisi wazima. Mama anakula, anasinzia, akiamka anauliza wewe umekula nini. Namwambia huko kambini mnakula vizuri. Usije ukaniumbua.

Nimempa dereva wa lori la nguzo akuletee, kwa kuwa simu huko kwenu ni pambo tu.

Kinachonitesa ni bili ya umeme. Tangu Januari inapanda, na sasa imefika mara mbili ya ile ya mwaka jana. Nyumba ni ile ile: watu wawili, cherehani, friji, pasi, taa na redio ya Mama. Nilikwenda ofisini kwao nikidhani wamekosea. Karani akanijibu kwamba mita haimwonei mtu, inasoma kinachotumika. Nikarudi nimenywea.

Wewe ndiye fundi umeme wa ukoo huu. Nifundishe kubana matumizi, kabla sijauza mashine na kurudi kushona kwa mkono.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo yangu pia. Vidole vipo vyote. Chakula ni maharage, asubuhi na jioni, lakini usimwambie.

Anza na friji. Weka karatasi mlangoni, funga, kisha uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, badilisha. Isogeze mbali na jiko, iache ipumue kwa nyuma. Nguo za wateja usizipige pasi moja moja. Zikusanye, upige zote kwa mkupuo mmoja, maana pasi inakula sana wakati wa kupata moto. Balbu za zamani zitoe zote, weka za LED. Mashine ipeleke dirishani, mchana uwe taa yako.

Ukimaliza hayo na bili isishuke, zima swichi kuu, halafu tazama kile kisahani ndani ya mita. Kikisimama, umeme unaliwa humo humo ndani, na tutamjua mlaji. Kikiendelea kuzunguka, niandikie.

Habari njema: mwezi wa sita huenda nikafanywa msimamizi wa kikosi. Leseni yangu ya juu iko mezani kwa wakubwa, inangoja sahihi tu. Niombee.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na tunakuombea. Mama ameshaanza kukuita Bosi.

Nimefanya yote. Friji ina mpira mpya na imehamia kona ya mbali kama mtu aliyenuniwa. Pasi ni Jumatano na Jumamosi tu. Nashonea dirishani, na wapita njia wote sasa wanajua namshonea nani nini. Bili imekuja jana. Imepanda tena.

Basi nikazima swichi kuu kama ulivyosema. Nyumba ikawa kimya, hata friji ikanyamaza. Nikasimama mbele ya mita nikihesabu. Kisahani hakikusimama. Hakikupunguza hata mwendo. Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa yuko peke yake nyumbani, kisha akasikia hatua chumba cha pili.

Mama ananiambia nisijisumbue. Yeye siku hizi ana raha, amepata dawa ya mgongo. Amehamishia kiti chake kwenye ukuta wa stoo, ule unaopakana na kwa marehemu Mzee wa Redio, anasema una joto zuri. Nimeugusa. Kweli una joto, hata kukiwa na mvua.

Nyumba ya Mzee wa Redio ina mpangaji tangu Januari, mama mmoja anayeuza barafu. Ana mafriza matatu katika kibanda cha uani. Ni mcheshi, na kila jioni anamletea Mama maji baridi. Tunamwita Mama Barafu.

Nifanye nini sasa? Niwaite watu wa umeme?

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi.

Usiwaite. Wakija watakata na kututoza faini bure. Mita za zamani huwa zina wazimu wake. Nitakuja mwisho wa mwezi niangalie mwenyewe.

Mama asikae kwenye ule ukuta. Mhamishe hata akikasirika.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mwisho wa mwezi umepita, hukuja.

Barua yako niliisoma mara tatu. Wewe mtu wa maneno mengi umeniandikia mistari mitano. Mita ikiwa na wazimu, ukuta una kosa gani? Nilimhamisha Mama, nikatoka kwenda dukani, niliporudi alikuwa amekokota kiti chake hadi pale pale. Anasema mgongo ni wake.

Rangi ya ukuta imeanza kuvimba malengelenge, usawa wa kichwa chake. Juzi kulikuwa na harufu kama ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Ilikuja, ikaondoka. Nilipomwambia Mama Barafu, alikuja mwenyewe kunusa. Akaniambia pale kwake umeme umo ndani ya kodi, soketi ya kibandani aliikuta, na anaogopa moto kuliko mimi.

Nakuuliza kama dada yako niliyekubeba mgongoni. Unajua nini kuhusu ule ukuta?

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo siulizi habari za afya, nisamehe.

Kuna waya ndani ya ule ukuta. Niliupitisha mimi, miaka kumi na miwili iliyopita, nilipokuwa najifunza kazi. Mzee wa Redio alikuwa amekatiwa umeme, akaniomba taa moja tu ya kibandani apate kutengenezea redio zake. Baba alikuwa amekataa. Mlipokuwa msibani kwa shangazi nikachimba plasta, nikauunga waya kati ya mita na swichi kuu ili Baba asigundue, nikaufukia na kupaka rangi. Mzee alinilipa koleo na bisibisi zangu za kwanza. Zile ulizokuwa ukinisifia kuwa nimejinunulia kwa kibarua.

Ni waya mwembamba, wa balbu moja. Hauna fyuzi. Sasa umebeba mafriza matatu.

Uliponiandikia kisahani hakisimami, nilijua siku ile ile. Nikafikiria leseni. Nikajidanganya kwamba kuna muda.

Ukisoma hapa, weka barua chini uende kwa Mama Barafu achomoe kila kitu. Mtoe Mama ndani. Waite watu wa umeme wakate kwenye nguzo. Usiuguse ukuta wala usimwagie maji.

Mto umefurika, lori limezuiwa darajani. Dereva ameahidi kuwa wa kwanza kuvuka. Nami nafuata.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Ukuta uliwaka tarehe kumi na moja, saa tisa alasiri.

Nilikuwa kwa mteja nikimpima gauni. Niliposikia kelele na kufika, stoo na chumba cha Mama vilikuwa moto mtupu hadi darini. Mama Barafu alikuwa ameshavunja mlango. Alijifunika gunia lililolowa, lile la kufunikia barafu, akaingia, akamtoa Mama mgongoni. Mama yuko hospitali. Ameungua mguu na bega, kifua kinakoroma, lakini anazungumza. Mama Barafu ameungua mikono yote miwili.

Watu wa umeme walifukua kifusi, wakaufuata waya hadi kwenye soketi yake. Jioni ile ile polisi wakamchukua na bandeji zake, kwa wizi wa umeme na kuunguza nyumba. Mtaa mzima unasema aliiba kwetu, halafu akajifanya mwokozi. Wengine wamempigia makofi askari.

Siku tano nimekaa na barua yako ndani ya nguo. Nilifikiria leseni, kama wewe. Nilifikiria Mama anavyokuita Bosi. Yeye ananiuliza kwa nini jirani haji kumtazama, nami namjibu anauguza mikono. Sikusema anaiuguza wapi.

Leo nimempelekea Mama Barafu uji mahabusu. Hawezi kushika kijiko, nikamlisha. Akauliza hali ya Mama kwanza. Kisha akasema, "Dada, na wewe unaamini niliiba?"

Nilimlisha uji hadi ukaisha, nikampangusa mdomo.

Dereva ameniambia hakuna aliyeomba kupanda lori lake siku aliyoleta barua yako. Nafasi ilikuwepo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Askari wa zamu ameniuliza nimeleta nini, nikamwambia barua ya mdogo wangu. Nimemwomba karatasi niandike hii kwanza, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Sikuchukii. Ila yule mama hatalala humu siku nyingine kwa ajili yetu.

Askari ananiita sasa. Naingia.

Dada yako