Kila Hadithi ya Mama Inaanza na B

Jumamosi. Mtoni kumeamka na manyunyu, lakini moyo wangu leo ni mwepesi kuliko wiki nzima iliyopita.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu kwenye kompyuta, katika ofisi ndogo ya uchapaji huko Kinondoni. Vya watu nimepanga mpaka nimechoka. Safari hii napanga cha mama yangu: hadithi za maisha yake, alizonisimulia barazani huku nikimrekodi kwa simu. Mama ana presha ya macho, na daktari alishatuambia kuwa mwanga uliopotea haurudi. Maandishi ya kawaida hayaoni tena. Nataka akione kitabu hiki angali anaona chochote.

Ndiyo maana nilitaka kila hadithi ianze na herufi kubwa ya mapambo, ile inayoshuka mistari kadhaa na maneno mengine yakaizunguka. Nazipenda herufi hizo kupita kiasi. Bosi wangu husema nikiachiwa, hata tangazo la maji kukatika nitaliwekea.

Tatizo ni Mama mwenyewe. Kila hadithi anaianza na "Basi". Basi siku hiyo. Basi baba yako. Basi mvua hiyo. Nilipoziweka herufi, zikajipanga B tupu kitabu kizima, kama daftari la mtoto aliyefundishwa herufi moja.

Nikajifanya mjuzi. Nikabadilisha: hii ikaanza na "Mwaka ule", ile na "Nakumbuka". Kurasa zikapendeza, nikajisifu kimoyomoyo. Jumatano nikakaa nimsomee. Sikufika mbali.

"Huyo nani anaongea?" akaniuliza.

"Si ni wewe, Mama?"

"Mie? Mie siongeagi hivyo. Huyo mtangazaji wa redio."

Nilicheka, ila iliniuma, maana alisema kweli.

Nikazirudisha "Basi" zote. Sasa B zote zikifanana, Mama atajuaje ipi ni ipi?

Jibu lilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, kwenye sanduku la bati la khanga. Mama, kama wanawake wengi wa kwetu, kila khanga aliyoitunza ina siku yake. Ipo aliyotolewa nayo alipokuwa mwali. Ipo aliyoletewa na mama mkwe. Ipo aliyonipokelea mimi. Nikazitandika kitandani moja moja, yeye akinitajia ya lini, nikazipiga picha. Kisha ofisini nikaiingiza kila picha ndani ya umbo la B, hadi herufi ikaonekana kama imekatwa kwenye kitambaa chenyewe. Nikazikuza mpaka karibu nusu ya ukurasa. Kwa kitabu cha mteja nisingethubutu.

Leo nimemletea kurasa zilizochapwa. Akausogeza wa kwanza mpaka ukakaribia pua, akageukia mlangoni penye mwanga. B nyekundu, yenye mapambo meusi ya umbo la korosho. Akaupapasa kwa kidole. Nikadhani haoni kitu, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji.

"Hii siku uliyozaliwa," akasema. "Mvua hiyo! Baba yako kaenda kumfuata mkunga, kapotea yeye."

Akachukua ukurasa mwingine. "Hapa naolewa." Na mwingine. "Hii ya msiba wa bibi yako. Usinisomee leo."

Hakusoma hata neno moja, na hakukosea hata hadithi moja.

Nililia. Nampenda mama yangu, na sijui kwa nini huwa nangoja sababu ili niseme. Akanivuta, akanifuta machozi kwa pindo la khanga aliyojifunga, ya kijani, ambayo sandukuni sikuiona.

"Na hii je, Mama? Ina hadithi gani?"

"Hii bado naivaa."

Kesho jua likitoka nitamwomba aivue kidogo niipige picha. Hadithi yake haijatokea bado; siijui, wala yeye haijui. Ila nimeshaiachia ukurasa, na herufi yake ninayo.